Ukurasa wa Nne Kabla ya Ukurasa wa Tatu

Bi Mwanahawa wa Fukayosi aliniambia kwamba ameridhika na maisha yake. Baada ya siku tisa akaniambia hajaridhika. Katika siku hizo tisa hakufiwa, hakuugua, hakugombana na mtu, na muhogo wake ulikuwa shambani vile vile. Mara zote mbili nilimuuliza mimi, nimekaa kwenye kigoda kile kile, kwa maneno yale yale. Tofauti niliyoileta mimi ilikuwa moja tu: mara ya pili, ukurasa wa nne wa dodoso langu ulikuwa umebanwa mbele ya ukurasa wa tatu.

Asubuhi iliyofuata alifunga nyumba yake akaondoka.

Nawaandikia ninyi wanangu mnaoanza kazi ya udadisi, mnaoingia nyumba za watu na vishikwambi mikononi kuuliza nani anaishi humo, anakunywa maji gani na anajionaje. Mimi niliifanya kazi hiyo tangu nilipokuwa binti hadi magoti yalipokataa. Nilianzia mitaa ya Dunda, nikaenda Bagamoyo yote, kisha vijiji vya ndani mpaka Chalinze. Karatasi zangu zilikaa kwenye mkoba wa turubai, na kalamu ya akiba niliichomeka kwenye nywele, chini ya mtandio. Sasa nakaa peke yangu Dunda, na mkoba ule natilia vitunguu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, msimamizi wetu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya muadhini na subira ndogo. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba ya babu mmoja nyuma ya soko, akanisimamisha mlangoni nianze. Nikaanza na dodoso.

"Je, kaya hii ina redio inayofanya kazi?"

Babu akanitazama. "Redio inafanya kazi. Asiyefanya kazi ni mimi. Na shikamoo yako umeiacha kwa nani?"

Mzee Kibwana alicheka hadi akashika ukuta. Tulipotoka akaniambia, "Tatu binti yangu, ukiingia nyumba ya watu, mwaga salamu zote. Za nyumbani, za watoto, za shamba, za mwili. Usiharakishe. Watakwambia njema, njema, njema, na hakuna hata moja utakayoandika. Lakini bila hizo, hata utakachoandika hakitakuwa na maana."

Alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza, soma swali kama lilivyoandikwa, usiongeze wala usipunguze. Ya pili, ukishauliza nyamaza, hata kama kimya kinakutoa jasho. Ya tatu, usigeuze ukurasa nyuma. "Dodoso ni njia," alikuwa akisema. "Mwenye kuichora anajua kwa nini kona iko pale. Wewe tembea tu."

Sheria ya pili ndiyo ngumu kuliko zote. Nilijifunza kuhesabu kimoyomoyo mpaka ishirini huku nikitazama mkeka. Usimtazame mtu usoni anapotafuta jibu, na usitazame kalamu, maana ataona unataka kuandika na atakupa chochote ili akuondolee shida. Ukitikisa kichwa umemsaidia kujibu. Hata kikohozi chako ni swali jingine. Wakati mmoja, katika nyumba ya mama mmoja hapa Dunda, nilipiga chafya baada ya kuuliza kama mumewe anasaidia kazi za nyumbani. Mama akasema, "Hata wewe umeona haiwezekani!" Nikalazimika kuuliza upya.

Sasa nirudi Fukayosi.

Utafiti ule ulihusu maisha ya wazee vijijini. Ukurasa wa tatu ulikuwa na swali moja kubwa: Kwa jumla, umeridhika na maisha yako? Ndiyo au hapana. Ukurasa wa nne uliuliza juu ya watoto: umezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wanaishi hapa, na yule aliye mbali alikuja nyumbani mara ya mwisho lini.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane, mkulima, mrefu, mwenye meno mazuri na ulimi mwepesi. Siku ya kwanza alinikaribisha uani akawa anamenya muhogo tunapozungumza. Nilipofika ukurasa wa tatu hakuinua hata kichwa.

"Alhamdulillah, mwanangu. Nimeridhika. Nina nyumba, nina shamba, miguu inanibeba. Andika ndiyo."

Nikaandika ndiyo. Ukurasa wa nne akaujibu haraka haraka, kama anayefukuza kuku: amezaa watatu, wawili wametangulia mbele ya haki, aliyebaki ni Hamisi, yuko Chalinze anapakia malori. Alikuja lini? "Aah, siku nyingi. Twende." Tukaenda kwenye maswali ya choo na maji, nikaaga, akanifungia mihogo miwili kwenye gazeti.

Ilikuwa desturi ya kazi kurudi kwenye kaya chache na kuuliza tena yote, ili kuhakikisha kwamba mdadisi hakukaa kivulini akajaza mwenyewe. Kawaida hurudi mtu mwingine. Safari hiyo tulikuwa wachache, Mzee Kibwana akaniambia nirudi mwenyewe, akanipa madodoso mapya yaliyotoka duka la stesheneri yakiwa bado na joto la mashine.

Nilipofungua lile la Bi Mwanahawa niliona mara moja kwamba ukurasa wa nne umetangulia. Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo asiye mdadisi hawezi kulifanya. Mtu mwingine yeyote angegeuza karatasi. Mimi nilikuwa nimefundishwa nisigeuze ukurasa nyuma, na nilijivuna kwa kutii. Nikasoma kama ilivyobanwa.

"Aliye mbali alikuja nyumbani mara ya mwisho lini?"

Safari hii mikono yake haikuwa na kazi. Alikuwa ameketi tu. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, nikahesabu. Nilifika ishirini, nikaanza tena.

"Mahindi ya bondeni yalikuwa yamechanua," akasema. "Siyo ya mwaka huu. Siyo ya mwaka jana." Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Alikuja na kofia mpya. Hata hakulala. Andika unavyoweza."

Nikaandika. Nikafungua ukurasa uliofuata, ambao ulikuwa wa tatu.

"Kwa jumla, umeridhika na maisha yako?"

"Hapana."

Kalamu yangu ilisimama. Akaniona.

"Andika. Si umeuliza? Hapana." Kisha akasema polepole, bila ukali, "Mwanangu, siku ile nilikwambia ndiyo, na sikukudanganya. Leo nakwambia hapana, na sikudanganyi. Sasa wewe utaondoka na karatasi yako. Mimi ile ndiyo yangu nani atanirudishia?"

Nilisema asante kwa muda wako, kama dodoso linavyomalizika, nikaondoka. Siku hiyo hakunifungia muhogo.

Mzee Kibwana aliyaweka madodoso mawili mezani pale ofisini, moja juu ya jingine, akayatazama kama nyama iliyooza.

"Tatu, umepika."

"Sijapika, Mzee."

"Mtu hawezi kuridhika Jumatatu, kisha akachukia maisha wiki inayofuata bila sababu. Moja kati ya haya umeliandikia kivulini. Niambie lipi."

Katika kazi yetu hakuna neno baya kuliko kupika. Mpishi hapewi tena mkoba, na jina lake hutangulia kila ofisi anayokwenda. Nilimwambia kuhusu kurasa. Hakusikiliza. Alisema kurasa haziwezi kubadilisha moyo wa mtu mzima, akaniamuru nirudi mara ya tatu na dodoso lililopangwa sawasawa. Jibu la tatu ndilo lingeamua kama nina kazi.

Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na kigoda kimewekwa juu ya paa la jiko. Jirani, mama aliyekuwa anapepeta mchele na mwenzake, alinijibu salamu nusu nusu.

"Amekwenda Chalinze kumtafuta Hamisi. Amesema karatasi yako imemuuliza mwanawe alikuja lini, naye akakosa cha kuiambia."

"Atarudi lini?"

"Muulize yeye. Wewe ndiye mwenye maswali." Akamgeukia mwenzake wakasemezana kwa Kikwere, wakacheka, na mimi nikajua ninasemwa.

Kwenye kisanduku cha ukurasa wa tatu niliandika: hayupo.

Kilichoniokoa si jibu lake. Aliniokoa Dokta Anitha, mwalimu wa chuo aliyeletwa kuyasoma matokeo. Alikuwa mwanamke wa bara, mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliyamwaga madodoso yote sakafuni, akakaa katikati yake miguu imekunjwa kama mtu anayechagua mchele. Kisha akaniita mimi na Mzee Kibwana.

"Lililobanwa vibaya siyo moja tu," alisema. "Ni furushi zima, na wadadisi ni tofauti. Kwenye yote hayo, waliosema hawajaridhika ni wengi kuliko kwenye yale yaliyobanwa vizuri. Huyu dada hajapika. Nani aliyabana?"

Nilihesabu hadi saba.

"Mimi," akasema Mzee Kibwana. "Duka lilikuwa linafungwa."

Hakuniomba radhi. Jioni alileta chai ya maziwa na sambusa tatu, akaziweka mbele yangu, akasema, "Kula, mpishi." Hiyo ndiyo ilikuwa radhi, na niliipokea.

Lakini mimi nilitaka kujua. Nilimuuliza Dokta Anitha: kati ya ndiyo na hapana, kweli ilikuwa ipi?

Akatoa sarafu, akaifunika mezani kwa kiganja. "Hii ina upande tayari. Wewe tu huujui. Wengi wanafikiri mawazo ya mtu yako hivi, na swali linainua kiganja tu." Kisha akaizungusha ikawa inacheza juu ya ukingo wake. "Sasa hivi ni upande gani?"

"Hakuna."

Akaipiga kiganja. "Na sasa?"

Akanieleza kwamba wanafizikia wanaochunguza chembe ndogo kuliko zote, katika kile kinachoitwa fizikia ya kwanta, walilazimika kutunga hesabu ya vitu vya namna hiyo, vitu ambavyo havina jibu moja lililokaa ndani vikisubiri kupimwa. Kupima kunashiriki kulifanya jibu. Na ukipima mambo mawili, lipi limetangulia linaweza kubadilisha yote. Baadaye wako watu waliojaribu hesabu hiyo hiyo kwenye majibu ya wanadamu, wakaona inafaa.

"Usiende kusema kijijini kwamba nimesema kichwani kwa bibi kuna chembe za ajabu," akanionya. "Sijui kama ziko na sidai. Tunaazima hesabu tu, kama unavyoazima ungo kwa jirani. Wengine wanasema hata ungo huo hatuuhitaji, kwamba swali la kwanza linamkumbusha mtu jambo na basi. Mjadala haujaisha."

Nikafikiri kidogo. "Ni kama tui," nikasema.

"Tui gani?"

"La nazi. Unaanza na jepesi, mchuzi ukiiva unamalizia na zito. Ukianza na zito ukalichemsha sana, linakatika. Nazi ni ile ile, chungu kile kile, lakini huwezi kulirudisha."

Dokta Anitha alivua miwani. "Dada Tatu, nimekaa darasani miaka mingi nikitafuta mfano huo."

Mzee Kibwana akadakia, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekata tui." Sote tukacheka, lakini mimi nilicheka kidogo tu. Huwezi kulirudisha ndilo neno lililobaki na mimi.

Siku nyingine Dokta Anitha alinifundisha nadharia ya habari. Uzito wa jibu, alisema, unapimwa kwa namna lilivyokuwa halijulikani kabla. Jibu ambalo ungeweza kuliandika kabla ya kubisha hodi halina habari. Nikamuuliza, basi watu wetu wanaposema alhamdulillah kwa kila swali, na njema kwa kila salamu, hatuambiani kitu?

"Kwa vipimo vyangu, karibu na sifuri."

"Na bila sifuri hiyo hakuna atakayekufungulia mdomo."

"Hata mitambo hupigiana hodi kabla ya kutumiana ujumbe," akakiri. "Hapo Mzee Kibwana ametushinda wote."

Nawaachia hayo, wanangu, kama vifaa vya kazi. Msifikiri mnachota maji kwenye mtungi uliojaa tayari. Mkitoa swali, mmeweka kitu ndani ya nyumba ya mtu, na mkiondoka kinabaki. Tangu siku ile, kila nilipomaliza dodoso sikufunga mkoba papo hapo. Nilikaa kidogo, niliuliza habari za shamba upya, nilimsaidia mtu kumenya. Hakuna aliyenilipia dakika hizo, na sijui kama zilirudisha chochote.

Bi Mwanahawa hakurudi Fukayosi. Misimu miwili ya mvua baadaye nilikuwa nasafiri, basi likasimama Chalinze, nikashuka kunyoosha miguu. Katikati ya mistari ya malori nilimwona amekaa mbele ya karai la mafuta, anakaanga vitumbua. Alikuwa amekonda. Kando yake kulikuwa na kofia ya kiume imetundikwa kwenye msumari, imefifia rangi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema."

"Habari za Hamisi?"

"Njema."

Akanikagua mabegani. "Leo huna karatasi?"

"Sina."

"Basi kula kitumbua."

Nilikula viwili. Dereva akapiga honi. Swali lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu, lile la ukurasa wa tatu, na sikuliuliza. Niliogopa ndiyo yake na niliogopa hapana yake, na zaidi niliogopa kwamba jibu lolote ningelilifanya mimi. Nilipanda basi. Mpaka leo sijui kama nilimfukuza kwenye maisha aliyoyaridhia au nilimpeleka kwa mwanawe. Kofia ile niliitazama vizuri, na bado sijui kama ilikuwa ya mtu anayeishi pale au ya mtu aliyeiacha.

Mzee Kibwana tulimzika. Dokta Anitha alihamia mbali, mwanzoni alikuwa akinitumia salamu. Mume wangu ametangulia. Mwanangu mmoja, Salum, yuko Mwanza. Hupiga simu Ijumaa baada ya swala, huuliza habari, nami humwambia njema. Kazi hii ina upweke wake ambao hamtaambiwa kwenye mafunzo: nimejua vyumba vya maelfu ya watu, najua nani hulala wapi na nani hajarudi, na katika miaka yote hiyo hakuna mdadisi aliyewahi kubisha kwangu.

Wiki iliyopita alibisha mmoja. Binti anaitwa Saumu, mwenye kishikwambi na kitambulisho shingoni. Alimwaga salamu zote, bila haraka. Nikampa kigoda. Akanieleza kwamba siku hizi hakuna kurasa: kishikwambi chenyewe huyachanganya maswali, kila nyumba na mpangilio wake, makusudi, ili wataalamu waone kama mpangilio umeathiri majibu. Nikamwambia hilo ni jambo jema. Nilikuwa nikichambua mchicha.

"Bibi, mtoto aliye mbali, mara ya mwisho alikuja nyumbani lini?"

Nilijua mara moja kinachofuata. Nikaacha mchicha.

"Idd," nikasema. "Siyo iliyopita."

Akaandika. Hakunitazama usoni. Aliutazama mkeka.

"Kwa jumla, umeridhika na maisha yako?"

"Mwanangu, ungeniuliza hili kwanza ningekwambia ndiyo, na lingekuwa kweli."

"Sasa niweke nini, Bibi? Ndiyo au hapana?"

Sikumjibu, naye akanyamaza, macho mkekani. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo. Alikuwa anahesabu. Sijui ni nani aliyemfundisha. Alipofika mwisho wa hesabu yake alianza tena, na mimi nikainuka nikasema nakuletea maji unywe.

Kishikwambi hakikubali kutuma dodoso lenye kisanduku kitupu. Saumu alinionyesha alama nyekundu kwenye kioo, akasema hakuna shida, atapita tena Jumanne kulimaliza hilo moja tu. Kabla ya kuondoka alinisaidia kuufunga mchicha, kisha akasimama kidogo mlangoni akauliza upya habari za mwili.

Leo ni Jumatatu, kesho Saumu anarudi. Sijampigia Salum kumuuliza atakuja lini, na alama ile bado ni nyekundu.